Saa Kumi Bunia, Saa Kumi na Mbili na Nusu Kabul

Saa ya Kabul iko mbele ya saa ya Bunia kwa saa mbili na nusu. Ile nusu huwachanganya wanaoanza, kwa sababu sisi wa huku tumezoea tofauti za saa kamili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, Kampala iko mbele kwa saa moja. Kwa hiyo mtu anayefundisha Kiingereza kutoka Bunia saa kumi alasiri anazungumza na wasichana ambao kwao ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Kaka amerudi na simu yake, mama yuko karibu na mlango, na chumba kimoja kimepatikana kwa muda. Mwalimu hakuichagua saa hiyo. Ndiyo saa inayowezekana.

Nimefundisha hivyo kwa kujitolea, nikiwa mmoja wa walimu waliotawanyika katika nchi mbalimbali, huku nikiendelea na darasa langu la kawaida hapa mjini. Wenzangu huniuliza swali moja, wengine kwa upole, wengine kwa hasira: Mama Mwalimu, wasichana wa mkoa wetu wa Ituri umewamaliza? Ni swali la haki, na sitaki kulikimbia.

Kwanza niseme kilichowapata wale wa Kabul. Taliban waliingia mji huo mkuu wa Afghanistan tarehe 15 Agosti 2021. Mwezi uliofuata shule za sekondari zilifunguliwa kwa wavulana peke yao. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana waliambiwa warudi. Wakavaa sare, wakabeba madaftari, wakafika, na asubuhi ile ile wakarudishwa nyumbani. Desemba 2022 wanawake wakafungiwa vyuo vikuu. Desemba 2024 zikafuata taasisi zilizokuwa zikiwafundisha ukunga na uuguzi, katika nchi ambayo wazazi wengi hawakubali binti yao atibiwe na mwanamume. UNESCO ilihesabu mwaka 2024 wasichana wasiopungua milioni 1.4 walionyimwa sekondari kwa amri. Leo duniani hakuna nchi nyingine ambayo serikali yake imepiga marufuku masomo ya msichana baada ya shule ya msingi.

Msomaji Mwislamu asidhani kwamba dini yake ndiyo iliyofunga madarasa hayo. Vyuo vikuu vilipofungwa, Sheikh Ahmed al-Tayeb, Imamu Mkuu wa Al-Azhar mjini Cairo, alisema wazi kwamba uamuzi huo unapingana na sharia. Waislamu wa Pakistani, Uturuki, Zanzibar na Mombasa wanawapeleka binti zao shule kila asubuhi. Waliofunga ni watawala, na watawala wana majina na tarehe.

Sisi Wakongomani tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Wakati wa Wabelgiji, mvulana aliyepata Kifaransa aliweza kuwa karani, msaidizi wa daktari, mwalimu. Msichana alifundishwa kushona, kupika, usafi wa nyumba na katekisimu, tena kwa lugha za kienyeji, ili awe mke anayemfaa karani huyo. Lugha ya ofisi haikufika kwake, kwa kuwa hakuna aliyemkusudia aingie ofisini. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima hapakuwa na mwanamke Mkongomani aliyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Sophie Kanza akawa wa kwanza, pale Chuo Kikuu cha Lovanium, mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akawa waziri. Nalikumbuka jina lake kila ninaposikia mtu akisema kwamba jamii fulani haiko tayari kwa wanawake wasomi. Miaka minne tu baada ya bendera kubadilishwa, huyo hapo na shahada yake.

Wala hatujafika. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufungua kesi au kusaini mkataba unaomhusu yeye mwenyewe. Idhini hiyo iliondolewa na sheria ya Julai 2016, jana tu. Najua nyumba nyingi hapa Bunia ambazo habari za sheria hiyo hazijaingia. Kwa hiyo sizungumzi na wasichana wa Kabul nikiwa mtu wa nchi iliyokwisha kumaliza kazi yake.

Kiingereza changu mimi kilianzia ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2003, Bunia ilipochinjana na kabla wanajeshi wa Ulaya wa Operesheni Artemis hawajafika mwezi wa Juni, familia nyingi zilishuka hadi Ziwa Albert zikavuka kwenda Uganda. Yetu ilikuwa mojawapo. Katika makazi ya Kyangwali nilikuta mtu anayefundisha watoto wa wakimbizi, mkimbizi mwenyewe, asiyelipwa na yeyote. Hakutuahidi kwamba tutarudi nyumbani wala kwamba tutapelekwa Ulaya. Alichotuahidi ni kwamba atakuwepo kesho, na kesho yake alikuwepo. Baadaye nimesoma nadharia nyingi za ualimu, nikazitumia na kuzisahau. Ahadi ile nimeishika.

Sasa darasa lenyewe. Kamera zimezimwa, daima. Majina si ya kweli. Kila msichana amejichagulia jina la ua, la nyota, la mto. Jina la ukoo haliulizwi, mtaa hauulizwi, kazi ya baba haiulizwi. Mwalimu anafundisha miduara midogo isiyo na nyuso kwenye skrini. Anajifunza kuwatambua kwa kikohozi, kwa namna ya kuvuta pumzi kabla ya kujibu, kwa mtoto mchanga anayelia nyuma ya mmoja wao. Na mara nyingine hata sauti haipo. Agosti 2024 watawala wa Kabul walitoa sheria ya maadili inayoitaja sauti ya mwanamke kuwa kitu cha kufichwa, na inayomkataza kuimba au kusoma kwa sauti mbele ya watu. Mwalimu wa lugha anajua maana yake: kazi nzima ya darasa letu ni kusoma kwa sauti. Tangu hapo wako wanaoandika majibu yao tu, na matamshi wanayafanyia mazoezi kwa kunong'ona, midomo karibu na simu. Nimewahi kusahihisha matamshi ya mnong'ono. Inawezekana. Inachosha masikio, lakini inawezekana.

Kigumu kuliko mtandao ni kitabu. Vitabu vya Kiingereza vinavyozunguka duniani vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayesafiri. Sura ya kwanza iko kwenye uwanja wa ndege, ya pili hotelini, ya tatu mkahawani, kisha mwanafunzi anaulizwa alifanya nini Jumamosi na Jumapili, anapenda mchezo gani, huenda wapi na marafiki. Msichana ambaye bustani za mji wake zimefungwa kwake tangu Novemba 2022, ambaye safari ndefu haimwezekani bila mwanamume wa familia, anaulizwa na kitabu aeleze matembezi yake. Huo ni ukatili uliofanywa na mtu asiyejua kwamba anafanya ukatili. Tumeviweka kando. Tunafanya kazi na bei za unga na mafuta ya kupikia, na maelezo ya kupika pilau, kwa sababu mtu akieleza pilau ya kwao husahau kuogopa makosa. Tunasoma habari za moyo wa binadamu na mzunguko wa damu, kwa sababu ndani ya darasa yumo aliyetaka kuwa mkunga. Tunaandika barua za kuomba nafasi ya masomo. Tunabishana, jambo wanalolipenda kuliko yote: kama mkubwa wa familia ana haki ya kusema uongo kwa nia njema, kama mashine zitachukua kazi za watu.

Sura moja tu ya kile kitabu nimekataa kuiacha. Ni ile inayofundisha wakati ujao, inayomtaka mwanafunzi aseme atafanya nini mwaka kesho. Wako walimu wanaoiruka kwa huruma. Nawaelewa, lakini naona huruma hiyo inamaliza kazi iliyoanzwa na wale waliofunga shule. Sarufi ya mwaka kesho ni haki ya mwanafunzi, hata kama mwaka kesho hauonekani. Tulipoifikia, walijaza ukurasa kwa sentensi za masharti: njia ikifunguliwa, baba akikubali, mtandao ukiwepo. Kisha nikawapa zoezi lile lile wanafunzi wangu wa hapa, katika juma ambalo barabara ya kwenda Djugu haikupitika. Wakaandika masharti yale yale: njia ikifunguliwa, baba akipata karo, vita vikiisha. Nilizisahihisha karatasi za Bunia jioni ile ile niliyosahihisha majibu ya Kabul, na swali la wenzangu likabadilika mbele ya macho yangu.

Walikuwa wananiambia nichague. Huruma ya mtu si pishi ya mtama ambayo ukimpimia mmoja, mwingine anapungukiwa. Kinachopungua kweli ni saa za mwalimu na mega za intaneti, na hivyo vinaweza kuhesabiwa na kupangwa. Kinachobaki ni kuuliza kila mmoja anafikiwa kwa njia gani.

Msichana wa Kabul amezuiwa na amri, lakini anafikiwa kwa simu. Msichana aliye katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, hapa pembeni mwa Bunia, hakuzuiwa na amri yoyote. Katiba inamtambua, shule ya msingi imekuwa bure kwa agizo la serikali tangu Septemba 2019, na tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wake uko chini ya hali ya dharura iliyotangazwa ili alindwe. Lakini kijiji chake cha Djugu kilichomwa, sekondari inadai karo ambayo mama yake hana, na simu hakuna. Naweza kwenda kwake kwa pikipiki na kurudi kabla giza halijaingia. Simfikii kwa intaneti hata kidogo. Wanaohubiri kwamba mtandao umeondoa umbali waje wasimame kati ya wasichana hawa wawili na kupima upya.

Hata huko Kabul, anayeingia darasani si yeyote tu. Ni msichana wa mji, mwenye simu ya kisasa ndani ya nyumba, ambaye alikwisha soma miaka kadhaa kabla ya marufuku, na zaidi ya yote mwenye mtu nyuma yake. Hapo nataka nikae kidogo, maana watu hawa hawatajwi. Yuko kaka anayetoa simu yake kila jioni na kusema ameisahau nyumbani. Yuko baba aliyenunua betri ili taa na mtandao viendelee umeme ukikatika. Yuko mama asiyejua kusoma anayekaa mlangoni na kushona, akisikia hatua za mgeni anakohoa, na darasa linanyamaza. Hata mara ya kwanza Taliban walipotawala, kuanzia 1996 hadi 2001, wanawake wa mji wa Herat walikusanyika kwa jina la mafunzo ya kushona, wakajifunza fasihi na maprofesa wa chuo kikuu. Shabana Basij-Rasikh, msichana wa Kabul wa miaka hiyo hiyo, alivaa nguo za mvulana ili afike kwenye shule ya siri pamoja na dada yake. Alipokuwa mkubwa alianzisha shule ya bweni ya wasichana, SOLA. Agosti 2021, Kabul ilipoanguka, alichoma moto kumbukumbu za wanafunzi wake ili zisiwe orodha ya kuwasaka familia zao, kisha akawatoa wanafunzi, walimu na jamaa, watu karibu 250, akawapeleka Kigali, Rwanda.

Kigali. Kwa msomaji wa Bunia, au wa Goma baada ya mji huo kutekwa Januari 2025 na waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, kulitaja jina hilo si jambo jepesi, nami sijifanyi kwamba ni jepesi. Tuna wafu wetu na tuna madai yetu. Lakini wasichana wale hawakuja na jeshi la mtu. Wanasoma hesabu na fizikia katika ardhi ya Afrika, safari ya siku chache kwa barabara kutoka hapa, na shule yao inatuma masomo kwa WhatsApp kwa wenzao waliobaki nyuma. Napenda tulijue jambo hilo. Habari za Afghanistan hufika kwetu kana kwamba zinatoka sayari nyingine, kumbe sehemu ya jibu lake iko hapa jirani.

Njia nyingine ya kufikia ni redio, na hiyo Bunia inaijua zamani. Redio Candip ilizaliwa ikiwa chombo cha elimu chini ya Chuo cha Ualimu, ISP, na wazee wa Ituri bado wanakumbuka vipindi vyake vya kilimo, afya na masomo. Huko Kabul, Hamida Aman alianzisha Redio Begum tarehe 8 Machi 2021, miezi michache kabla ya Taliban kurudi, na tarehe kama hiyo mwaka 2024 ikafuata televisheni inayorusha masomo ya sekondari kwa setilaiti kutoka Paris. Ukutani mwa nyumba isiyo na intaneti, dishi huweza kuingiza darasa. Wakati fulani najiuliza kwa nini sisi, wenye redio inayosikika hadi kambini, hatujairudishia kazi yake ya kwanza kwa ajili ya wasichana wa Kigonze.

Mtandao hukatwa. Mwishoni mwa Septemba 2025 watawala wa Kabul walizima intaneti nchi nzima kwa takriban siku mbili, na darasa letu lilikuwa kimya: hakuna ujumbe ulioonekana kusomwa, hakuna mduara uliowaka. Wenzangu wa Ulaya waliingiwa na hofu kubwa. Mimi nilikumbuka kwamba serikali yetu ilifanya hivyo hivyo baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, na sisi tulikaa karibu majuma matatu bila mtandao. Nikawashauri wasiwatumie wasichana maswali mengi yatakayorundikana kwenye simu za watu wengine. Mtandao uliporudi, nilituma zoezi la sarufi, kama kawaida. Nililichagua kwa makusudi. Mtu aliyekatiwa dunia hahitaji kwanza kuulizwa anajisikiaje. Anahitaji kuona kwamba somo la Jumatano lipo Jumatano.

Jambo linaloniudhi ni picha. Watu wanaojitolea hupenda kuonyesha, na wafadhili hupenda kuonyeshwa. Nimewahi kuombwa nipige picha ya skrini wakati wa darasa, majina ya bandia yakionekana, ili ionekane kazi inafanyika. Nilikataa. Mtu wa Ituri hahitaji kufundishwa kwa nini. Tumewaona wageni wakishuka kutoka kwenye magari meupe, wakiinua kamera kabla ya kusalimu, wakaondoka na nyuso za mama zetu. Mjane wa Plaine Savo, kambi walimouawa watu zaidi ya 60 usiku mmoja wa Februari 2022, hajui picha yake iko wapi leo. Msichana wa Kabul anaweza kupigwa, na baba yake kufungwa, kwa sababu ya picha ya darasa. Mfadhili asiyeridhika bila ushahidi wa aina hiyo aachwe aende na pesa zake.

Je, Kiingereza kinawasaidia? Wako waliofika mtihani wa kimataifa na kupata nafasi katika vyuo vinavyofundisha kwa mtandao. Wako wanaofanya kazi ndogo za kuandika na kufasiri, malipo yakipitia kwa kaka. Wako waliotoweka. Jina la ua au la mto linaacha kuonekana, na wenzake wanasema ameolewa, au wamehama, au hawasemi kitu. Hatuwatafuti, kwa kuwa kutafuta ni kuhatarisha. Kiingereza hakijamfungulia yeyote lango la sekondari ya mtaani kwake, na anayewaambia wafadhili vinginevyo anawadanganya. Lango hilo litafunguliwa na wenye amri, wakishinikizwa. Tanzania ilitangaza mwaka 2017 kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali, na tarehe 24 Novemba 2021 serikali ya nchi hiyo hiyo ikaondoa katazo. Katikati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na miaka minne, na waliomfaa msichana wa miaka hiyo ni wale waliomfundisha akiwa bado amefungiwa nje.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa mtu mmoja mahususi: wewe uliyesomea Kiingereza ISP au Chuo Kikuu cha Shalom, wewe uliyekulia Kyangwali ukarudi na Kiingereza cha shule za Uganda, wewe mfanyabiashara unayekitumia Kampala na Dubai. Toa saa moja kwa juma. Kama una simu nzuri na mega za kutosha, wako wanaokungoja Kabul. Pitia kwa watu wanaoaminika, usiulize jina, usipige picha, usimwambie jirani. Kama huna mega, nenda Kigonze. Huko huhitaji mtandao, unahitaji chaki na ruhusa ya viongozi wa kambi, na wasichana watakupa majina yao ya kweli. Popote utakapokwenda, panga saa na uishike mwaka mzima. Ukiona huwezi kufika mwaka, usianze; mwachie nafasi anayeweza.